Kipengele cha Kuvunja Mkataba wa Soka: Mwongozo Kamili wa Kuondoka Klabuni Bila Kuishia Kwenye Kesi

Kila dirisha la uhamisho likifunguliwa, kisa ni kile kile, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Bungoma na Nakuru. Mchezaji amepata klabu mpya. Mkataba wake una kipengele cha kuvunja mkataba, yaani kifungu kinachotaja kiasi cha kulipa ili aondoke kabla ya muda, na pesa zipo. Anaaga wenzake, anapanda basi. Muda si mrefu klabu ya zamani inaandika kwamba ametoroka kazini, klabu mpya inaingiwa na hofu, na kijana anabaki nyumbani bila timu wala mshahara.

Chanzo ni kimoja karibu kila mara: watu husoma tarakimu na kuruka maneno yaliyoizunguka. Kiasi pekee hakimtoi mtu popote. Kinachomtoa ni sentensi inayosema nani alipe, amlipe nani, lini, na klabu ifanye nini pesa zikishaingia. Hatua zilizo hapa chini zinaifuata sentensi hiyo. Nimewaandikia wachezaji na wazazi wao, lakini katibu wa klabu ndogo naye asome, kwa kuwa klabu pia hupoteza haki yake kwa uzembe huu huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usimwandikie mtu barua yoyote kabla ya kuvikusanya hivi:

- Nakala ya mkataba, kurasa zote, yenye sahihi za pande zote mbili na tarehe. Picha ya ukurasa wa mshahara iliyopigwa kwa simu haitoshi.
- Nyongeza yoyote iliyosainiwa baadaye. Mara nyingi kiasi hubadilishwa humo.
- Taarifa za benki au za M-Pesa zinazoonyesha kila mshahara ulioingia na tarehe yake.
- Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na pasipoti ikiwa unavuka mpaka.
- Orodha ya klabu zote ulizochezea tangu ulipotimiza miaka 12, pamoja na misimu.
- Barua ya klabu mpya yenye nembo, jina na cheo cha aliyesaini.
- Tarehe za kufunguliwa na kufungwa kwa dirisha la usajili, upande unakotoka na upande unakokwenda.
- Wakili anayeelewa mikataba ya kazi. Kama humjui hata mmoja, anza na chama cha wachezaji, KEFWA, ambacho ni mwanachama wa FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani.

Kama klabu haikuwahi kukupa nakala ya mkataba, iombe leo kwa maandishi. Usitaje habari za kuondoka. Andika tu kwamba unahitaji nakala kwa kumbukumbu zako.

## Hatua ya 1: Tambua kipengele chako ni cha aina gani

Hapa ndipo kesi nyingi huzaliwa, kwa hiyo usiharakishe. Vipengele vinavyoitwa kwa jina moja kwenye vibaraza vya mazoezi ni vya aina tatu, na kila kimoja kina nguvu yake.

Aina ya kwanza: fidia iliyokubaliwa mapema. Mchezaji ana haki ya kuuvunja mkataba kwa kulipa kiasi fulani. Akishalipa, klabu haina la kukataa. Huu ndio mlango halisi.

Aina ya pili: klabu inalazimika kukubali ofa. Ofa ya kiasi fulani ikifika, klabu inapaswa kumuuza. Hapa mchezaji hajapewa haki ya kujiondokea. Lazima kwanza klabu nyingine ilete ofa ya kweli, na mauzo yafanyike.

Aina ya tatu: klabu inaahidi kuzungumza. Ofa ikifikia kiasi fulani, klabu itakaa mezani. Basi. Baada ya mazungumzo inaweza kukataa.

Tofauti hizi zimewagharimu watu pesa nyingi. Mbrazili Matuzalem aliondoka Shakhtar Donetsk mwaka 2007 akaenda Real Zaragoza. Mkataba wake ulisema kwamba ofa ya euro milioni 25 au zaidi ikifika, klabu itapanga uhamisho wake. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, ilisema mwaka 2009 kwamba maneno hayo hayakuwa fidia ya kuvunja mkataba. Yalihusu ofa, na yeye aliondoka bila ofa. Fidia ikapigiwa hesabu upya kwa vigezo vingine, ikafika zaidi ya euro milioni 11.8.

Linganisha na Andy Webster, aliyeondoka Hearts ya Scotland mwaka 2006. CAS iliamua mwaka 2008 kwamba fidia yake ni pauni 150,000. Wote wawili walivunja mikataba yao, na tofauti ya malipo ni kubwa kiasi hicho. Kipengele cha aina ya kwanza, kikiandikwa vizuri, hukuondoa kwenye kubahatisha kwa namna hiyo.

Kuhusu aina ya tatu, mkumbuke Luis Suárez. Mwaka 2013 Arsenal ilipeleka Liverpool ofa ya pauni 40,000,001 ikiamini kwamba ikipita milioni 40 kwa pauni moja tu mlango utafunguka. Liverpool ilikataa, Suárez akabaki msimu mzima. Upande wa klabu ulishikilia kwamba maneno ya mkataba hayakuilazimisha kuuza.

*Onyo:* barua ya kuachiliwa tuliyoizoea kwenye ligi zetu ni kitu kingine kabisa. Hiyo hutolewa klabu ikiridhika, na isiporidhika huipati. Mtu akikuambia "barua yako ipo, usijali", muulize ni kifungu namba ngapi cha mkataba kinachoilazimisha klabu kuitoa.

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kuweka kidole kwenye mstari mmoja wa mkataba na kusema: haki ni yangu, au wajibu ni wa klabu, au ni ahadi ya kuzungumza tu.

## Hatua ya 2: Pima kila neno la sentensi hiyo

Chukua kalamu ujibu maswali haya pembeni ya ukurasa.

Nani anaruhusiwa kulipa? Mchezaji peke yake, klabu mpya, au yeyote kati yao? Ikiwa mkataba unasema mchezaji na pesa zikatoka klabu mpya, iandikwe wazi kwamba klabu mpya inalipa kwa niaba yake.

Kwa mkupuo au kwa awamu? Mkataba ukinyamaza, chukulia ni mkupuo. Chelsea ilipomtaka Enzo Fernández wa Benfica Januari 2023, kipengele chake kilikuwa euro milioni 120, lakini klabu zilikaa mezani kwa sababu Chelsea ilitaka kulipa kwa awamu. Ukitaka awamu, umetoka kwenye haki na kuingia kwenye maombi.

Kuanzia lini hadi lini? Mwaka 2019 kipengele cha Antoine Griezmann pale Atlético Madrid kilishuka kutoka euro milioni 200 hadi 120 ilipofika tarehe 1 Julai. Barcelona ililipa milioni 120 tarehe 12 Julai. Atlético ikalalamika kwamba makubaliano yalifanyika kabla ya kiasi kushuka, ikadai tofauti ya milioni 80. Shirikisho la Hispania liliishia kuitoza Barcelona faini ya euro 300. Usijipe moyo kwa udogo wa faini hiyo. Klabu ya Ligi ya Kenya ikikuburuta kwenye mgogoro wa namna hiyo, huna akiba ya Barcelona ya kungojea uamuzi.

Sarafu gani? Mkataba ukitaja shilingi na klabu mpya ikatuma dola, benki hukata ada njiani na kiwango cha ubadilishaji hubadilika. Pesa zikifika pungufu hata kwa shilingi elfu moja, kipengele hakijatimizwa. Mwambie mlipaji abebe ada zote za benki.

Je, asilimia 5 ya mshikamano imo ndani? Watu wengi hulisahau swali hili. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba kwisha, klabu mpya hukata asilimia 5 ya malipo na kuzigawia klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Klabu ya zamani ikitaka kiasi kizima, na mpya ikatuma asilimia 95, mmeshaanza kesi.

Mgao wenyewe ni huu. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15, klabu iliyomlea hupata asilimia 0.25 ya malipo yote. Kwa kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23, asilimia 0.5. Kwa kipengele cha dola 100,000, klabu ya mtaani iliyokaa na kijana miaka minne tangu alipotimiza 12 inastahili dola 1,000. Kwa timu ya Nyalenda au Kondele hiyo ni mipira, viatu na nauli ya msimu mzima, na inaniuma kuona pesa hizi zikipotea kwa sababu usajili wa watoto haukuandikwa popote. Siku hizi malipo haya ya kimataifa hupitia kituo cha malipo cha FIFA kilichoko Paris, kilichoanza kazi Novemba 2022, na rekodi ya usajili ndiyo inayoamua nani alipwe.

*Umefanikiwa ikiwa* maswali yote matano yana majibu yaliyotoka kwenye mkataba wenyewe. Jibu lililotoka kinywani mwa meneja wa timu halihesabiki.

## Hatua ya 3: Hakikisha unakihitaji kipengele hicho

Wengine hulipia mlango uliokwisha kufunguka.

Ikiwa mkataba wako umebakiza miezi sita au pungufu, kanuni za FIFA zinakuruhusu kusaini na klabu nyingine utakayoanza kuichezea mkataba huu ukiisha. Hesabu miezi kwanza.

Ikiwa klabu haijakulipa, na hili kwetu si jambo geni, kuna njia nyingine. Kwa mujibu wa kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, klabu ikishindwa kinyume cha sheria kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Sharti aidai klabu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kwa mgogoro wa Wakenya pekee ndani ya Kenya, wakili aangalie pia mkataba na kanuni za shirikisho la soka la Kenya, FKF, zinasemaje.

*Onyo:* usichanganye njia hizi kwenye barua moja. Ukiandika kwamba unalipia kipengele na papo hapo kwamba unaondoka kwa sababu hujalipwa, umeipa klabu nafasi ya kuzipinga zote mbili. Chagua moja.

Na kwa aliye chini ya miaka 18: kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mtoto, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Kipengele hakiondoi katazo hilo. Mzazi wa Kakamega au Kitale anayeambiwa kwamba kijana wa miaka 16 "atanunuliwa na Ulaya mwezi ujao" asitoe pasipoti ya mtoto wala senti moja.

## Hatua ya 4: Klabu mpya iandike kwanza

Klabu inayotaka kumsajili mchezaji mwenye mkataba inapaswa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo naye. Wengi huona kufanya hivyo ni kujianika. Ukweli ni kwamba barua hiyo ndiyo ngao yako: bila hiyo, klabu ya zamani itasema ulishawishiwa kwa siri.

Ajenti wako pia awe na leseni ya FIFA. Leseni huthibitishwa kwenye tovuti ya FIFA yenyewe, na ukaguzi huo ni wa dakika chache. Nisingemwacha mtu asiye na leseni aguse suala hili hata kama ni binamu yako.

## Hatua ya 5: Andika barua ya kutumia kipengele

Iwe fupi. Usilaumu mtu, usishukuru kwa kurasa tatu. Mfano:

> Mimi, mchezaji wa klabu yenu kwa mkataba wa tarehe …, natumia haki niliyopewa na kifungu cha … cha mkataba huo. Kiasi cha … kitalipwa kwa mkupuo kabla ya tarehe …. Naomba mnithibitishie kwa maandishi, ndani ya siku tatu za kazi, akaunti ya benki ya klabu ya kupokelea fedha hizo. Hadi malipo yakamilike, naendelea na majukumu yangu yote. Mishahara na marupurupu ninayoidai klabu hayajafutwa na barua hii.

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Wachezaji wengi hulipia uhuru wao, kisha huambiwa deni la miezi mitatu "limeishia hapo".

Itume kwa barua pepe rasmi ya klabu, kisha peleka nakala ofisini na urudi na nyingine iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupiga muhuri, itume kwa kampuni ya vifurushi inayotoa risiti ya aliyepokea. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwenyekiti uwe nyongeza tu.

*Umefanikiwa ikiwa* una ushahidi wa tarehe ambayo mtu asiyekupenda hawezi kuukana.

## Hatua ya 6: Lipa, na ulipe mahali panapostahili

Pesa ziingie kwenye akaunti ya benki yenye jina la klabu. Haziendi kwenye simu ya mweka hazina, haziendi kwa kocha, haziendi kwa "mzee wa klabu" anayesema yeye ndiye anayeijua timu. Klabu nyingi za kanda yetu huendeshwa na watu wanaojitolea, na uongozi hubadilika. Uongozi mpya hautatambua pesa zilizopita mfukoni mwa wa zamani.

Klabu ikikataa kupokea? Hilo limewapata hata wakubwa. Agosti 2017, mawakili wa Neymar walipeleka euro milioni 222 kwenye ofisi za Ligi ya Hispania, wakakataliwa. Siku ile ile wakazilipa Barcelona moja kwa moja. Nawe fanya hivyo: usikasirike, tafuta njia ya pili mara moja. Fedha ziwekwe kwenye akaunti ya wakili, klabu iandikiwe kwamba zipo tayari na zinangoja namba ya akaunti. Anayekataa kupokea hawezi baadaye kulalamika vizuri kwamba hakulipwa.

*Onyo kali:* atatokea mfadhili atakayesema, "Nitakulipia, kisha ukiuzwa tena nipewe asilimia 30." Kataa. Tangu Mei 2015 FIFA imepiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya malipo ya uhamisho wa baadaye wa mchezaji. Klabu na mchezaji wanaoingia makubaliano hayo wanaweza kuadhibiwa.

## Hatua ya 7: Endelea na mazoezi

Hadi pesa zithibitishwe, fika mazoezini kwa wakati, hata wakikuweka pembeni uzunguke uwanja peke yako. Siku ukikosa bila ruhusa, klabu hubadilisha hadithi: humlalamikii tena mtu aliyekataa pesa, bali wao wanamlalamikia mtoro.

Na adhabu ipo. Kuvunja mkataba bila sababu ya haki ndani ya kipindi cha ulinzi kunaweza kukuletea kufungiwa miezi minne. Kipindi hicho ni miaka au misimu mitatu ya mwanzo ya mkataba kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, na miwili kwa aliyesaini baada ya hapo.

Angalia pia dirisha. Ukilipa likiwa limefungwa, unaweza kuwa huru kabisa na usiwe na pa kucheza.

## Hatua ya 8: Mgogoro ukizuka

Kwanza jua mlango wa kubisha.

Mchezaji Mkenya, klabu ya Kenya, uhamisho wa ndani: soma kifungu cha migogoro kwenye mkataba, kisha pitia vyombo vya FKF. Baraza la Migogoro ya Michezo, lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, husikiliza rufaa pale kanuni za shirikisho zinaporuhusu, na pia migogoro ambayo pande zote zimekubali kuipeleka huko.

Ikiwa unahamia nje, cheti cha kimataifa cha uhamisho (hati inayohitajika ili usajiliwe nchi nyingine) kimeombwa, na dai linahusiana na ombi hilo, FIFA yenyewe inaweza kusikiliza kupitia baraza lake la soka. Mchezaji halipi ada huko. Dai lipelekwe ndani ya miaka miwili tangu tukio. Uamuzi ukija bila sababu, una siku 10 za kuomba sababu, na ukizipata una siku 21 za kukata rufaa CAS. Kule CAS gharama ni kubwa, basi ushahidi wako wote uweke katika hatua ya kwanza.

Wakili wako atumie toleo jipya la kanuni. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Lassana Diarra, na FIFA ikabadilisha kwa muda sheria za fidia na za cheti cha uhamisho kuanzia Januari 2025. Ushauri wa zamani kuhusu klabu mpya kubeba mzigo wa fidia moja kwa moja umepitwa na wakati.

Panga ushahidi kwa tarehe: mkataba, barua ya klabu mpya, barua yako, uthibitisho wa kupokelewa, hati ya benki, majibu. Kurasa ishirini zilizopangwa zinatosha. Picha mia mbili za skrini zitamchosha tu msomaji.

## Hatua ya 9: Kwenye mkataba unaofuata, andika hivi

Mikataba yetu mingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mpe wakili maneno haya ayaweke kwa lugha ya mkataba:

> Mchezaji ana haki ya kuvunja mkataba huu kabla ya muda wake kwa kulipa, yeye mwenyewe au klabu mpya kwa niaba yake, jumla ya … kwa mkupuo mmoja, kwenye akaunti ya benki ya klabu iliyotajwa katika ukurasa wa kwanza. Haki hii inatumika kati ya tarehe … na …. Kiasi hiki kinajumuisha asilimia 5 ya mshikamano. Ndani ya siku tatu za kazi baada ya fedha kuingia, klabu itathibitisha kwa maandishi kwamba mkataba umekwisha na itakamilisha hatua zote za usajili zinazoihusu. Hakuna fidia wala adhabu nyingine itakayodaiwa.

Kiasi kilingane na mshahara. Klabu inayomlipa kijana shilingi 25,000 kwa mwezi na kuandika kipengele cha milioni 20 inamfungia ndani, na waamuzi wanaotumia sheria ya Uswisi, kama CAS inavyofanya kwa nyongeza, wana mamlaka ya kupunguza adhabu iliyopita kiasi. Lakini kupunguziwa huko hupatikana baada ya kesi. Kataa kiasi hicho kabla hujashika kalamu, na kila ukurasa uweke sahihi ya kifupi ili hakuna atakayebadilisha wa katikati.